Je, taichi inaweza kufundishwa kama sanaa ya kupigana kweli, au imebaki kuwa mazoezi ya afya tu?

#1 Mkono Laini

Habari zenu, wanajukwaa.

Ninafundisha taichi, na nina dai ambalo ningependa lipimwe na watu waliowahi kupigana, si walioangalia video tu. Taichi haikupoteza uwezo wake wa kupigana kwa sababu mbinu zake ni dhaifu. Iliupoteza kwa sababu ya namna tunavyoifundisha. Mwanafunzi hutumia miaka akijifunza mfululizo wa mikao peke yake, kisha huingizwa kwenye tuishou, yaani kusukumana mikono, ambako wote wawili wameshagusana tangu mwanzo na hakuna anayepiga, na masomo yake yanaishia hapo. Hatua ya tatu, ile ya kumkabili mtu anayerusha ngumi bila kutangaza atairusha lini, haipo kabisa katika ratiba za madarasa mengi.

Mbinu zenyewe tunazo. Tunafundisha nguvu nane za msingi: peng, lü, ji, an, cai, lie, zhou na kao. Lü ni kuipokea nguvu ya mtu na kuipitisha pembeni, an ni kumsukuma kwa viganja, zhou ni pigo la kiwiko, kao ni pigo la bega, na cai ni kumkamata mtu mkono na kumvuta ghafla kuelekea chini mpaka shingo yake itikisike. Hakuna mtu aliyebuni pigo la kiwiko kwa nia ya kutuliza shinikizo la damu.

Swali langu ni hili: ninyi mnaofundisha au mliofundishwa, ni lini mnamwingiza mpinzani anayekataa kushirikiana? Na akishaingia, ni kitu gani kinabaki cha taichi, na kitu gani kinageuka kuwa ndondi za kawaida?

#2 Nyundo

Mkuu, dai lako linachukulia kwamba uwezo huo uliwahi kuwepo. Mwaka 2017 huko Chengdu, Xu Xiaodong, mkufunzi wa mapigano ya mchanganyiko, alimmaliza Wei Lei wa taichi katika muda usiofika nusu dakika. Mwaka 2020 Ma Baoguo, mwalimu mwingine wa taichi, aliangushwa mara tatu, pambano zima likiwa kama nusu dakika, na mtu wa miaka 50. Kama nguvu ni nane, basi tungeziona walau mbili siku hizo. Mimi sioni tatizo la ratiba hapa; naona sanaa iliyosifiwa kupita kipimo.

#3 Subira Yangu

Nyundo, huyo Ma Baoguo alikuwa na miaka 69. Mpandishe ulingoni mzee yeyote wa umri huo, wa sanaa yoyote, uone kama utapata ushahidi dhidi ya sanaa yake. Mapambano hayo yanatuambia habari za watu waliopanda ulingoni, basi.

Kwa upande wa Wei Lei nakubaliana na mtoa mada. Ukimtazama, mikono yake iko mbele imefunguka kana kwamba anasubiri mwenzake aje waguse mikono ndipo waanze. Huyo ni mtu anayetenda alichofundishwa. Mwenzake hakuja kugusa, alikuja kupiga.

#4 Mlima Mrefu

Tusisahau chanzo. Muasisi wa taichi ni Zhang Sanfeng, mtawa wa Kidao wa mlima Wudang, aliyeijenga juu ya pumzi na utulivu. Hata Yang Chengfu alipotunga mfululizo wa mikao 24 alikuwa analenga afya ya umma. Kuilazimisha sanaa hii iwe ngumi ni kuipeleka isikotoka.

#5 Kitabu Wazi

Ndugu Mlima Mrefu, kuna mambo mawili ya kusahihisha. Kwanza, habari ya Zhang Sanfeng ni hekaya inayopendwa, lakini nyayo za kihistoria zinatupeleka kwenye kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, mkoa wa Henan, kwa Chen Wangting, mwanajeshi wa karne ya 17 aliyeishi wakati utawala wa Ming unaanguka. Mwanahistoria Tang Hao, aliyefika kijijini hapo katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba mikao ya ukoo wa Chen inafanana kwa kiasi kikubwa na mikao 32 ya ngumi iliyoorodheshwa na jemadari Qi Jiguang katika karne ya 16. Pili, mfululizo wa mikao 24 ulitungwa mwaka 1956 na kamati ya michezo ya serikali ya China, ilhali Yang Chengfu alikuwa amefariki mwaka 1936. Kamati ilichukua mikao ya mtindo wa Yang na kuifupisha.

Sasa kuna jambo ambalo pande zote mbili za mjadala huu huliruka. Qi Jiguang mwenyewe, ambaye orodha yake ndiyo inayotajwa kama mzizi wa taichi, aliandika kwamba ngumi za mikono mitupu hazina faida kubwa katika vita. Alizithamini kwa sababu zinaufundisha mwili wa askari kabla hajashika silaha. Kwa hiyo yawezekana kwamba tangu mwanzo mikao hii ilikuwa hatua ya maandalizi, na sisi tumeifanya kuwa darasa lote.

Kuhusu ni lini ukali ulipotea, mimi nautafuta ndani ya familia ya Yang. Yang Luchan, aliyeishi kuanzia 1799 hadi 1872, alijifunza Chenjiagou kwa Chen Changxing, kisha akaenda Beijing akafundisha walinzi wa kasri la mfalme, watu ambao kazi yao ilihitaji kupigana. Wajukuu wake wawili walishika njia tofauti. Yang Shaohou alifundisha mikao midogo na ya haraka, aliwapiga wanafunzi wake kwa nguvu, na wachache sana walivumilia. Mdogo wake, Yang Chengfu, alifundisha mikao mikubwa, ya polepole na yenye mwendo sawasawa, na wanafunzi wakajaa. Sanaa hurithiwa kupitia wanafunzi wanaobaki, na waliobaki ni wa mwalimu mpole.

#6 Bondia Mstaafu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimepiga ndondi ujana wangu wote, na sasa ninafanya taichi kwa kuwa mabega yamechoka, hivyo nizungumze kuhusu jambo moja ambalo naliona kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwalimu huonyesha hivi. Mwanafunzi anarusha ngumi ndefu, mkono unanyooka na kubaki hewani. Mwalimu anaupokea kwa kigasha, anageuza kiuno, kiganja kimoja kinashika kifundo cha mkono, kigasha cha pili kinakaa juu kidogo ya kiwiko, na mwanafunzi anapepesuka mpaka ukutani. Ni mbinu safi, na ndiyo lü yenyewe. Tatizo ni kwamba ngumi fupi ya mbele ya bondia haibaki hewani. Inarudi kwenye shavu lake kwa kasi ileile iliyoendea, na mara nyingi hakuitoa ili ikuumize, bali aliitoa ili uinue mkono wako, ndipo ya pili ipite chini yake. Ukijaribu kuukamata mkono huo, unakamata hewa na mbavu zako zimebaki wazi. Nimewafanyia hivyo walimu wawili wa taichi waliokuwa wameniomba nirushe kweli, nao ni watu wenye mizani ambayo mimi siwezi kuitikisa tukisukumana.

Kwa hiyo, Mkono Laini, sikubaliani nawe kwamba kinachokosekana ni hatua ya tatu pekee. Kinachokosekana ni umbali. Taichi inajua la kufanya baada ya kugusana, lakini haimfundishi mtu namna ya kuvuka nafasi iliyopo kabla ya kugusana. Ndondi inaishi ndani ya nafasi hiyo.

#7 Mkono Laini

Asante, Bondia. Hapo umegusa penyewe, lakini nadhani unaita tatizo la umbali kile ambacho mimi naita tatizo la mafunzo. Hatua tano, yaani mbele, nyuma, kushoto, kulia na kusimama katikati, zimo ndani ya zile mbinu 13 tunazodai ndizo msingi wa taichi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunazifundisha tukiwa tumesimama mahali pamoja.

#8 Nyundo

Mwalimu, ukisema "zimo ndani" kwa kila kitu, basi hakuna kitu kitakachokosekana katika taichi milele! Kuwa na jina la hatua si sawa na kuwa na hatua.

#9 Viungo na Mifupa

Samahani kwa kuingia kati. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa mazoezi, na ninaona hatari ya watu kusoma uzi huu na kukimbilia ukali. Wanafunzi wa taichi wanaokuja kwangu huja na maumivu ya magoti, na sababu ni moja: wanageuza kiuno huku uzito wote uko kwenye mguu ambao unyayo wake haujageuka, kwa hiyo msokoto wote unabebwa na goti badala ya nyonga. Hilo hutokea hata kwa mwendo wa polepole. Ukiongeza kasi na mpinzani anayesukuma, goti linapata mzigo ambao halikuandaliwa.

Tena tusidharau upande wa afya kana kwamba ni masalia. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson, ambamo waliofanya taichi walikuwa na uthabiti mzuri zaidi wa kusimama kuliko waliofanya mazoezi ya uzito au ya kunyoosha viungo. Mwili unaozuia mzee asianguke ndio huohuo unaozuia mpiganaji asiangushwe.

#10 Nyonga Huru

Daktari, umesema kweli kuhusu magoti, na mwalimu wangu alikuwa akitugonga nyonga kwa fimbo nyembamba kila goti lilipotangulia.

Nirudi kwa Bondia. Mimi nimetoka kwenye mieleka nikaingia taichi ya mtindo wa Wu, na kwa maoni yangu watu wanaitafuta taichi mahali pasipo pake. Si sanaa ya kubadilishana ngumi. Mahali pake ni pale ambapo mmeshakumbatiana, mkono wako mmoja uko shingoni kwake na wa pili umepita chini ya kwapa lake. Hapo kila kitu nilichojifunza katika kusukumana kinafanya kazi bila kubadilishwa. Unahisi anapotaka kusukuma kabla hajasukuma, unampa nafasi kidogo, anaijaza kwa uzito wake, unageuza kiuno na kuweka mguu nyuma ya kisigino chake, anakaa chini. Quanyou, ambaye mtindo wa Wu unaanzia kwake, alikuwa mlinzi wa kifalme wa Kimanchu, na Wamanchu walikuwa watu wa mieleka. Tufundishe taichi kama mieleka ya kusimama, na hoja ya ngumi itapungua uzito.

Na kwa wanaosema mtindo huu haujawahi kupimwa hadharani, Wu Gongyi alimshinda Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe huko Hong Kong mwaka 1954, na filamu yake ipo.

#11 Kitabu Wazi

Filamu ipo, lakini pambano lilifanyika Macau, na Wu Gongyi hakutangazwa mshindi. Lilikuwa pambano la hisani, lilisimamishwa katika raundi ya pili, na waamuzi hawakumpa ushindi yeyote kati yao. Wu alikuwa na miaka 50 na kitu na mwenzake alikuwa kijana zaidi, na Wu ndiye aliyemtoa mwenzake damu puani, hilo ni la kweli. Ila ukiitazama filamu hiyo bila kujua majina, utaona watu wawili wakirushiana ngumi kwa hamaki, wakikosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Hakuna anayegusana mikono kwa utulivu, na sioni kumbatio lolote la namna unayoisifu, Nyonga Huru.

#12 Nyonga Huru

Na ndilo ninalolisema! Aliacha kumbatio akaingia kwenye ngumi, mechi ikawa ya kubahatisha.

#13 Mkuki Mrefu

Katika mjadala wote huu, hakuna aliyetaja silaha. Kitabu Wazi aligusa pembeni pale alipomtaja Qi Jiguang. Katika mafunzo ya Chenjiagou kuna fimbo ndefu ya mti mzito inayotikiswa: unashika mwisho wake kwa mikono miwili karibu na nyonga, unasukuma kwa kisigino, kiuno kinazunguka, na mtetemo unapaswa kufika ncha ya mbele. Mikono peke yake haiwezi. Ukiitumia mikono, fimbo inazama na mabega yanawaka moto. Ukishaifanya kwa muda, unaelewa ghafla kwa nini mikao ya mikono mitupu ina misokoto ileile, kwa sababu ile ni mizunguko ya mkuki bila mkuki.

Kwa mantiki hiyo, kumpima mtu wa taichi kwa glovu ni kumnyima chombo chake. Wale waliotengeneza mfumo huu hawakuwaza kukutana na bondia aliyevaa glovu. Waliwaza barabara zenye majambazi na mashamba yenye kulindwa.

#14 Nyundo

Mkuki Mrefu, nakuheshimu, lakini hoja hiyo inamwokoa mtu yeyote. Leo hakuna atembeaye na mkuki. Mtoa mada ameuliza kuhusu kupigana kunakofaa kwa vitendo.

#15 Mkeka Mgumu

Mimi ni mtu wa judo, na naona mnazunguka jambo ambalo Jigoro Kano alilifanyia kazi tangu alipoanzisha Kodokan mwaka 1882. Alirithi shule za jujutsu zilizojaa mbinu za kuvunja vidole, kupiga koo na kuchoma macho, na karibu zote zilikuwa zinafanyiwa mazoezi kwa mtu anayejiachia. Yeye alizihifadhi mbinu za hatari ndani ya kata, yaani mazoezi yaliyopangwa hatua kwa hatua, na zile zilizobaki, yaani kutupa, kubana na kukaba, akaruhusu zifanywe kwa nguvu zote dhidi ya mtu anayekataa. Watu wakapata mbinu chache wanazoziweza kwelikweli badala ya nyingi wanazoziamini tu.

Taichi ilifanya kinyume. Ilibaki na mbinu zote, na mazoezi ya kukataa ikayafanya ya upole. Mwanafunzi anajua kwamba kao linaweza kuvunja kifua, lakini hajawahi kumpiga mtu bega akiwa anakimbia. Mkitaka kufundisha kupigana, chagueni mbinu nne au tano zinazoweza kufanywa kwa nguvu bila kumpeleka mtu hospitali, muanze na hizo.

#16 Mlima Mrefu

Ndugu Mkeka Mgumu, mkichagua nne au tano na kuongeza nguvu, wanafunzi watakakamaa, na mwili uliokakamaa ndio ambao taichi nzima inajaribu kuuondoa. Nimeliona darasa lililofuata njia hiyo. Kila mtu alishinda kwa misuli, na yule aliyekuwa laini kuliko wote aliambiwa yeye ni dhaifu, akaacha kuja. Nauliza kwa dhati: ni lini mwanafunzi hujifunza kulegea, ikiwa kila siku anapimwa kwa kushinda?

#17 Mgeni Mtaratibu

Naomba kuuliza, wakubwa zangu. Mimi nimeanza tu. Je, nisubiri mpaka nimalize mfululizo wote ndipo nianze kupimana na mtu, au niombe mwalimu anianzishe sasa?

#18 Subira Yangu

Mdogo wangu, usisubiri, ila omba kwa adabu na uanze na kitu kidogo. Swali la Mlima Mrefu ni zito, na kwa uzoefu wangu ulegevu unaopatikana mtu akiwa peke yake humkimbia mara tu anapoogopa. Mimi nilikuwa nasifiwa darasani kwa ulaini wangu. Kisha mtu mmoja alinikamata mkono kwa nguvu juu ya kiwiko, mahali penye watu, akitaka kunivuta. Mabega yangu yalipanda hadi masikioni, pumzi ikakata, na miaka yote ya ulaini ikawa haipo. Kilichoniokoa ni miguu, kwa sababu ilizama yenyewe bila mimi kuiamuru, na alipovuta tena nilikwenda naye hatua moja badala ya kupinga, akayumba, akaniachia. Kwa hiyo siwezi kusema taichi haikufanya kazi, na siwezi kusema ilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Tangu hapo ninaomba kukamatwa bila taarifa katika kila darasa, na mabega yanachelewa zaidi kupanda.

#19 Bondia Mstaafu

Dada Subira, hilo la mabega kila bondia analijua. Hakuna dawa yake ila kupigwa kidogokidogo mpaka mwili uone kwamba pigo halikuui.

#20 Mkono Laini

Nimewasoma wote. Nataka kujaribu zoezi hili na naomba mlikosoe kabla sijalipeleka darasani. Mtu mmoja anavaa glovu na anaruhusiwa kurusha ngumi fupi ya mbele tu, usoni au kifuani, wakati wowote apendao, na kuirudisha. Mwenzake haruhusiwi kupiga. Kazi yake ni kuvuka nafasi mpaka aguse kiwiko au bega la mrushaji na kubaki amegusa kwa muda wa pumzi moja. Akifika hapo, glovu inakoma na kusukumana kunaanza palepale, kwa hatua huru, na kuangusha kunaruhusiwa. Mbinu za kumalizia ni chache kama alivyoshauri Mkeka Mgumu: lü, an, na bega lisilo na mwendo wa kukimbia. Kasi ianze chini na ipande pale tu ambapo mabega ya mgusaji yameshuka, nadhani hilo linajibu sehemu ya hofu ya Mlima Mrefu. Kila anayegeuka auinue mguu kidogo ili unyayo ugeuke pamoja na nyonga, kwa ajili ya magoti.

#21 Mkeka Mgumu

Weka mkeka. Na wafundishe kuanguka kwanza, kabla ya yote hayo.

#22 Bondia Mstaafu

Ni zoezi zuri kwa wiki za mwanzo, lakini ngumi moja tu itawafundisha kuinamia upande mmoja. Baada ya muda mfupi ongeza ngumi ya pili ya mwili, la sivyo mbavu zitabaki wazi kama nilivyoeleza juu. Na mrushaji asiwe mwanafunzi wa taichi, kwa sababu atarusha taratibu na kuuacha mkono hewani bila kujua.

#23 Mlima Mrefu

Mabega yaliyoshuka yanaonekana kwa nje, Mkono Laini. Kulegea ninakokuzungumzia mimi hakuonekani kwa macho, na sijui mwalimu atapimaje kulegea huko wakati ngumi zinaruka.

#24 Nyundo

Fanyeni, kisha mtuletee matokeo, yawe mazuri au mabaya. Mimi nitaamini nikisikia kwamba mgusaji alifika kwenye kiwiko cha mtu wa nje ya darasa, mwenye uzito kama wake, ambaye hakuambiwa anakutana na sanaa gani.

#25 Mkono Laini

Nakubali mtu wa nje na uzito sawa. La kutoambiwa sikubali, kwa kuwa kuangusha kumo ndani ya zoezi, na anayeweza kuangushwa ana haki ya kujua kabla hajapanda mkekani.